Meneja Aliyejibu Upesi Kuliko Wote

Namna Somoe binti Chande alivyofika nchi ya Mulika si jambo la kutupotezea muda. Alipanda, akashuka, akachafuka, akafika. Anayetaka habari za njia amuulize mwenyewe, na ajiandae kukaa kitako, maana Somoe akianza kusimulia haachi hata wali ukiungua jikoni. Kwa sababu hiyohiyo watu wa Bonde la Mtapia walimchagua kwenda. Mto wao ulikuwa umekauka, miche ya mpunga imeanza kugeuka rangi ya majani ya chai, na ilijulikana kwamba huko juu, Mulika, kuna lango la maji lenye meneja wake. Wakasema apelekwe Somoe. Akimsema huyo meneja asubuhi, adhuhuri maji yatakuwa njiani, ikiwa si kwa huruma basi kwa kuchoka.

Mpakani alipewa kishikwambi. Ofisa aliyempa hakumtazama usoni. Alikielekeza cha kwake upande aliposimama Somoe, akamtazama humo, akaridhika kwamba mgeni amefika kweli. Kisha akamwandikia sheria ya kwanza ya nchi: neno lililosemwa kwa mdomo si kosa, ila halijasemwa. Mtu ana ruhusa kuimba, kusali na kubembeleza mtoto kwa mdomo wake, lakini shughuli yoyote ya kazi lazima ipite kwenye kishikwambi. Somoe aliisoma sheria hiyo mara mbili, akajiona kama mpishi aliyenyang'anywa mwiko mlangoni mwa karamu.

Ni haki kueleza Wamulika walifikaje hapo, maana hawakuwa wajinga. Zamani mameneja wao walikuwa watu wa kuzunguka. Walikwenda vinuni, maghalani na kwenye matanuri, wakagusa, wakauliza, wakagomba. Ikagundulika kwamba wanakosea. Mmoja haoni mbali, mwingine anapendelea shemeji yake, wa tatu anadanganywa mchana kweupe. Vikaletwa vishikwambi ili meneja aone kila kitu akiwa amekaa, na mwanzoni, tuseme ukweli, vilisaidia sana. Barua zilizokuwa zikilala mezani msimu mzima zilijibiwa kabla chai haijapoa. Kisha wakubwa wakauliza watajuaje kwamba meneja anakitumia kishikwambi chake, wakaanza kupima namna anavyojibu ujumbe, wingi wake na upesi wake. Kupima kukawa kutamu. Mwisho kikawa ndicho kitu pekee kinachopimwa.

Baada ya hapo sheria ilikuja yenyewe. Macho, ilisema, huchoka na hupendelea, kwa hiyo meneja atakayeitazama kazi yake kwa macho yake mwenyewe atakuwa ametenda kosa la kuchungulia. Madirisha ya ofisi za mameneja yakawekwa mapazia mazito kwa gharama ya serikali. Meneja wa daraja la juu alistahili mapazia mawili. Na juu ya kila mlango ikawashwa namba ya utendaji wa aliyemo ndani, nayo ilipanda na kushuka mchana kutwa, watu wakiipita na kusalimia kwa kadiri yake. Mwenye namba kubwa aliamkiwa kwa heshima zote, na mwenye namba ndogo aliamkiwa kwa kukohoa.

Meneja wa Lango aliitwa Burhani Ngwembe. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, kidole gumba cha kulia kimepinda kwa kazi. Ofisi yake ilijengwa juu ya lango lenyewe, kiasi kwamba kati yake na mto palikuwa na dirisha tu na mapazia yake mawili. Somoe aliketi mbele yake akammwagia yote. Alimweleza habari za miche, habari za watoto, habari za babu yake aliyechimba mfereji kwa jembe la mkono, na akaongeza mambo kuhusu malezi ya Burhani ambayo hakuyajua, bali aliyakisia. Burhani alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua akiwa ndani. Aliponyamaza kuvuta pumzi, kishikwambi chake kikalia. Meneja alikuwa amemwandikia: Karibu sana mama, una shida gani?

Somoe akaandika kwamba lango limefungwa na mpunga unakufa. Kabla hajainua kidole jibu lilikuwa limefika: dole gumba lililosimama, na chini yake maneno kwamba lalamiko limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nje, juu ya mlango, namba ikapanda. Burhani akamgeuzia kishikwambi chake aone. Kulikuwa na picha ya lango, imezungukwa na rangi ya kijani, maji yanapita chini yake kwa utulivu, na neno WAZI limeandikwa kwa herufi nene. Hiyo picha ilikuwa nzuri sana, Somoe mwenyewe alikiri baadaye.

Aliinuka, akashika pazia la kwanza. Burhani akakitupa kishikwambi mezani, akafunika macho kwa viganja vyote viwili.

“Mama, nakuomba,” alisema kwa mdomo. “Nina watoto wanasoma.”

Somoe akaliachia pazia. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkasirisha kuliko sheria zote za Mulika, kwa kuwa hakuja na huruma kutoka nyumbani na hakujua aiweke wapi.

Basi akaandika. Aliandika asubuhi, akaandika jioni, akiwa amefikia kwenye nyumba ya wageni karibu na lango. Aliandika kwa adabu, adabu ikamwishia, akaandika matusi ya Mtapia ambayo hayafai kunakiliwa hapa. Yote yalijibiwa papo hapo. Samahani kwa usumbufu. Asante kwa maoni yako. Tunathamini matusi yako. Ikafika mahali akawa anajibiwa lalamiko ambalo bado anafikiria aliandikeje. Juu ya mlango namba ya Burhani Ngwembe ikapanda mpaka watu wakaanza kupita njia ile makusudi waione, na meneja akaitwa mbele ya Baraza la Utendaji, pamoja na mgeni wake.

Baraza liliongozwa na Bi Zawena Tilya, Mkuu wa Utendaji, mama wa makamo mwenye sauti laini ambayo hakuitumia mara nyingi. Mameneja wote wa Mulika walikuwepo ukumbini, na kila mmoja alikuwepo pia kwenye vikao vingine ndani ya kishikwambi chake. Meneja wa Maghala, bwana mnene mwenye haraka, alihudhuria vitatu kwa pamoja, na siku hiyo aliunga mkono kwa dhati hoja ya kikao ambacho hakikuwa hiki. Hoja ya hapa ilikuwa kama meneja apewe kishikwambi cha pili cha kumwonyesha anavyokitumia cha kwanza. Waliopinga walisema cha pili kitahitaji cha tatu. Waliounga mkono walisema hilo ndilo zuri lake. Ikasomwa ripoti ya wataalamu kwamba tangu vishikwambi vije utendaji wa mameneja umekuwa maradufu, na ukumbi mzima ukainua madole gumba.

Somoe akaandika swali kwa wote: utendaji ni nini? Alipata madole gumba mengi sana, moja kutoka kwa kila aliyekuwemo. Bi Zawena peke yake ndiye aliyemjibu kwa maneno. Alieleza kwa upole kwamba utendaji ni namna meneja anavyokitumia kishikwambi. Somoe akauliza, na mto je, mbona haumo? Bi Zawena akafikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akaandika kwamba mto si meneja, kwa hiyo hauna utendaji.

Halafu wakamtuza Burhani. Alitajwa kuwa meneja bora wa msimu, na katika sifa zake zikasomwa shukrani kwa Bi Somoe wa Bonde la Mtapia, ambaye bila juhudi zake za kulalamika ushindi huu usingepatikana. Ukumbi ukamgeukia, yaani vishikwambi vikamgeukia, ukampongeza. Ndipo Somoe akaelewa. Kila neno alilomwandikia yule mtu lilikuwa ngazi, naye amepanda mpaka darini. Nani angefungua lango akajikatia ngazi yake mwenyewe?

Alipotoka nje alikutana na mchuuzi wa chumvi aliyepitia Mtapia. Mchuuzi huyo alimletea salamu za Sihaba, mdogo wake Somoe, naye alizisema kwa mdomo, hivyo kwa sheria ya nchi hazikusemwa. Mashamba ya juu yamekwisha, wameyaachia mbuzi. Ya chini yatavumilia mpaka mwisho wa juma, yakizidi hapo basi. Somoe aliketi kwenye kizingiti cha Baraza akalia, na hakuona aibu. Shamba la Sihaba lilikuwa juu, la kwake lilikuwa chini.

Hapo ndipo alipokata shauri kufanya jambo ambalo hakuna mtu wa Mtapia angeliamini hata kwa kiapo. Alinyamaza.

Alikwenda kuketi juu ya boriti ya lango, chini ya dirisha la Burhani, kishikwambi kimefunikwa na ncha ya kanga, na hakuandika kitu. Wenye kumjua wanaelewa ilimgharimu nini. Maneno yalimpanda kama maziwa yanayotaka kufurika sufuria, naye akayameza. Siku ya kwanza meneja aliandika kumuuliza hali, na kama ana lalamiko lolote. Kimya. Akamwomba radhi kwa yaliyopita, kisha kwa yajayo. Kimya. Kesho yake akamtumia lalamiko lililokwisha kuandikwa vizuri, linalomshutumu yeye mwenyewe kwa uzembe mkubwa, ikibaki Somoe aliguse tu ili liende. Hakuligusa. Juu ya mlango namba ikaanza kuteremka, na waliopita wakaanza kukohoa.

Ilipokuwa adhuhuri ya siku iliyofuata Burhani aliteremka ngazi za nje mwenyewe kumfuata. Alikiinua kishikwambi mbele ya uso wake, akitembea kwa kufuata picha ya ngazi. Alipofika chini picha ilimwonyesha maji mengi yanapita. Akasimama, akavua viatu, akaviweka kando kwa mpango, akakunja suruali mpaka magotini, akatia mguu.

Mguu ulikanyaga vumbi.

Akautoa, akautia tena mbele kidogo. Vumbi, na mchanga wa moto. Sheria ya Mulika ilikataza macho, lakini miguu haikutajwa popote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiri miguu ingejua jambo. Burhani alisimama katikati ya mto akipapasa kwa vidole vya miguu huku na huku, na uso wake, nyuma ya picha ya maji, ukabadilika. Somoe alikuwa na mengi ya kusema. Hakusema. Polepole yule mtu akakishusha kishikwambi, akatazama.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu kabla sijaja. Nilikuandikia.”

“Kweli. Na mimi nikakujibu.”

“Ulinijibu, Bwana Meneja. Tena upesi.”

Burhani alilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa shati lake zuri. Baadaye alimweleza kwamba alipewa umeneja kwa sababu zamani alikuwa fundi wa lango, na hakuna aliyelijua kama yeye. Tangu siku hiyo hakuliona tena. Lango liliteremshwa msimu uliopita lisafishwe, fundi akaandika kwamba tayari linaweza kuinuliwa, naye akampa dole gumba. Picha ilikuwa ya zamani. Walizungusha gurudumu la chuma la kuinulia lango wote wawili, kutu ikilia, migongo ikiuma, na maji yakapita chini yao, mwanzo kwa aibu, kisha kwa kelele. Somoe akafungulia maneno yote aliyoyaweka, akayasema juu ya kelele ile mpaka sauti ikakauka, na Burhani akamsikiliza akitabasamu, safari hii akisikia.

Ingekuwa nchi nyingine hadithi ingeishia hapo na watu wakale wali. Lakini maji yalipopita hapakuwa na wa kulalamika, na pasipo lalamiko hapana jibu. Namba juu ya mlango wa Burhani ikashuka hadi ikazimika. Baraza likamwita tena. Shtaka la kuchungulia lilishindikana, kwa kuwa hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemwona kwa kuwa hakuna aliyekuwa anatazama. Likabaki la utendaji. Bi Zawena hakuwa mtu mbaya, naye pia alikuwa na namba yake mahali fulani, ikitazamwa na mtu mwingine. Aliliona jambo hili ni zito kiasi kwamba aliliongea kwa sauti.

“Bwana Burhani, lango lilipokuwa na matatizo ulikuwa meneja bora. Sasa halina matatizo, na huonekani kufanya lolote.”

Burhani alisema lango liko wazi. Akajibiwa kwamba limekuwa wazi siku zote, na akaonyeshwa picha. Ndipo Meneja wa Maghala akatoka kidogo kwenye vikao vyake vingine, akajitolea kulichukua lango. Aliahidi kwamba chini yake malalamiko yatarudi mara moja. Hakueleza kwa njia gani, na hakuna aliyeuliza, lakini Somoe alijua, akayaona mashamba ya chini yakirudia ile rangi ya majani ya chai.

Aliinuka aseme. Akakumbuka yuko wapi. Akaketi, akaandika kwa Baraza zima kwamba Bonde la Mtapia lina malalamiko makubwa kuhusu lango, kwamba yataletwa kila siku, na kwamba watu wake wamezoea kujibiwa na Bwana Burhani na hawatalalamika kwa mtu mwingine. Kwenye vishikwambi namba ya Burhani ikawaka. Ukumbi ukashusha pumzi. Hakuna aliyeuliza malalamiko yenyewe ni ya nini, maana hilo ni jambo la mwenye lalamiko. Burhani akabaki na kazi yake, na kila alfajiri, kabla mapazia ya jirani hayajatikisika, alishuka peku kuhakikisha lango halijateremshwa.

Somoe aliporudi nyumbani alikuta maji yamemtangulia. Mashamba ya chini yalikuwa kijani, na watu wakampokea kwa vigelegele. Alipowaeleza masharti walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti wao, Mzee Nangumbi, alisema kama bei ya maji ni uongo kidogo kila siku, basi Mtapia ni matajiri. Mulika ikawaletea vishikwambi bure. Wakapangiana zamu, nyumba kwa nyumba, kumwandikia Burhani kwamba hakuna maji, naye akawajibu papo hapo, na mto ukaendelea kupita.

Mwanzoni ilikuwa mchezo wa jioni. Kisha Mulika ikataka kila jibu lithibitishwe kwamba limepokelewa, la sivyo halihesabiwi, na zamu zikala asubuhi. Waliokuwa wepesi kuandika wakasamehewa palizi. Mzee Nangumbi, ili kuwa na haki, akaanza kutangaza kila Ijumaa nani ameandika zaidi, na waliotajwa mwisho walianza kuamkiwa kwa kukohoa. Sihaba, ambaye hakuwa tena na shamba la kulima, ndiye pekee aliyekataa kishikwambi. Alimwambia dada yake kwamba alimtuma akafungue lango, si akalete ugonjwa wa watu. Somoe alimjibu kwamba angekuwa na mpunga majini angeelewa. Wakanuniana. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwapatanisha.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa kwelea walifika. Walitoka upande wa milima, weusi angani, wakazunguka mara moja juu ya bonde, wakateremka. Miaka yote watu walitoka na madebe na makombeo, wazima na wagonjwa, bonde zima likawa kelele tupu. Asubuhi hiyo palikuwa kimya. Somoe alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, maji ya baridi yamemfika kwenye vifundo vya miguu, ameinamisha kichwa. Ilikuwa zamu yake. Bwana Meneja, aliandika, hakuna maji hata tone. Dole gumba likaja. Akalithibitisha. Pembeni yake masuke yalikuwa yakiinama kwa uzito wa ndege.

Sihaba alikuja mbio kwenye tuta, debe mkononi, akilipiga.

“Somoe, ndege! Wanakumaliza! Dada, inua kichwa!”

Somoe hakuinua. Kidole chake kilikuwa katikati ya neno.

“Niandikie,” alisema.